Baali Hakai Umoja

Huku Umoja, mtaa wa Eastlands, Nairobi, jina la Baali halijazeeka. Linasikika kwenye spika za makanisa ya mabati, kwenye kumbi za kukodi zilizo juu ya maduka, kwenye video fupi ambazo watu hutumiana usiku, na kwenye karatasi zinazobandikwa kwenye milingoti ya stima kuelekea soko la Mutindwa: usiku wa kuvunja madhabahu, njoo na familia yote. Mtu akikosa kazi, ni madhabahu ya Baali nyumbani kwao. Binti akichelewa kuolewa, ni roho ya Yezebeli. Mtoto akiugua, Moleki hutajwa kabla daktari wa hospitali ya Mama Lucy hajamwona. Nakaa mtaa huu na nawaheshimu wahubiri wake. Wengi wao ni majirani wanaolisha wenye njaa na kusimama na wafiwa. Lakini mengi yanayosemwa juu ya huyu mungu wa Kanaani na wenzake si kweli, na uongo huo unaumiza watu. Nitayajibu madai hayo moja baada ya jingine.

La kwanza ni kwamba Baali ndiye Shetani mwenyewe, au jenerali wake mwenye majeshi ya mapepo. Tuanze na alivyokuwa kwa waliomwabudu, kwa sababu siku hizi tunaweza kusoma maneno yao wenyewe. Mwaka 1928 mkulima mmoja karibu na pwani ya Syria aligonga jiwe la kaburi la kale kwa plau yake. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer akaanza kuchimba kilima cha jirani kiitwacho Ras Shamra, na ukafukuliwa mji wa Ugarit, bandari tajiri iliyoteketezwa karibu mwaka 1185 KK. Ndani yake kulikuwa na vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari ambao hakuna aliyekuwa ameuona kabla, nao ukasomeka kuanzia 1930. Sita kati ya vibao hivyo, kazi ya karani aitwaye Ilimilku, vinasimulia habari za Baali.

Baali wa vibao hivyo ni mungu wa dhoruba na mvua, naye pia huitwa Hadadi. Anapigana na Yamu, yaani bahari, na kumwangusha kwa marungu mawili aliyofuliwa na fundi Kothari. Anajengewa jumba juu ya mlima Safoni, mlima ambao hadi leo umesimama mpakani mwa Syria na Uturuki, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kisha anamezwa na Moti, yaani mauti, na mashamba yanakauka. Anati dada yake anamkamata Moti, anampasua kwa upanga, anampepeta kama nafaka, anamchoma, anamsaga na kumtawanya shambani. Baali anarudi, na mvua inarudi naye.

Hapo ndipo pa kushika. Kanaani haina mto kama Nile; mvua isiponyesha hakuna shayiri, hakuna zeituni, hakuna mbuzi. Sisi tunaopanga mitungi ya manjano siku ya mgao wa maji, na ambao tangu mwisho wa 2020 tuliona misimu mitano mfululizo ya mvua ikikosekana kaskazini mwa nchi hadi mifugo ikaisha, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mtu angepiga magoti mbele ya mwenye mawingu.

Ndiyo maana kisa cha Eliya katika Wafalme wa Kwanza kinaanza na ukame na kuishia kwa kawingu kadogo kutoka baharini. Nabii hakusema Baali ni Shetani. Alisema Baali hana mvua ya kutoa. Alimshika penye sifa yake kuu, akawaachia manabii wake 450 mlimani Karmeli kuanzia asubuhi hadi jioni, na mbinguni kukawa kimya. Ukimfanya Baali kuwa pepo la kuzuia ndoa na kufunga biashara, umeipoteza hoja yote ya Karmeli.

Kuna kiasi cha ukweli katika dai hili, na ni haki kukitaja. Katika Wafalme wa Pili, mfalme Ahazia anatuma watu kwa Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, mji wa Wafilisti. Miaka mingi baadaye, katika Injili, Beelzebuli ni jina la mkuu wa pepo. Kwa hiyo cheo cha mungu wa zamani kiliteremka kikawa cha adui. Lakini yale majeshi yanayohesabiwa kwenye kesha hayamo katika Biblia. Yamo katika orodha iliyochapishwa Ulaya mwaka 1577 na Johann Weyer, ambamo Baeli anaongoza akiwa na majeshi 66. Weyer alikuwa daktari aliyepinga kuchomwa kwa wanawake walioitwa wachawi, na aliichapa orodha hiyo ili watu waone upuuzi wake. Anayehubiri majeshi hayo leo anahubiri kile ambacho Weyer alikikataa.

Dai la pili linatoka kwa watu wasiokanyaga kanisani: vijana waliosoma mtandaoni na ambao wanasema Biblia imeiba kila kitu, kwamba Yehova ni Baali aliyebadilishiwa jina na kwamba ufufuo wa Yesu ulinakiliwa Ugarit. Nao nawajibu kwa heshima ileile. Kwamba lugha inafanana ni kweli. Baali anaitwa mpanda mawingu, na zaburi humpa Mungu wa Israeli sifa kama hiyo. Yule nyoka wa baharini ambaye Baali alimpiga anatajwa na Isaya kwa jina la Lewiathani. Tangu 1935, H. L. Ginsberg alipotoa hoja yake juu ya Zaburi ya 29, wasomi wengi wamekubali kwamba sauti ile ya Bwana inayovunja mierezi ya Lebanoni imejengwa kwa maneno ya watu wa mungu wa dhoruba.

Lakini kutumia lugha ya jirani si kuwa jirani. Mshairi wa zaburi alimnyang'anya Baali radi mbele ya waliomwabudu, kama alivyofanya Eliya. Tena Baali wa Ugarit si muumba wa ulimwengu. Aliye juu ya baraza la miungu ni mzee Eli, na Baali lazima aombe ruhusa hata ya kujenga nyumba. Kuhusu ufufuo, kurudi kwa Baali ni kurudi kwa msimu wa mvua, na kibao chenyewe kimevunjika mahali pengi katika sehemu hiyo. Vibao vilikuwa chini ya ardhi tangu mji ulipoungua hadi 1929, hivyo hakuna mwinjili aliyevisoma. Visa vya namna hiyo viliendelea kusimuliwa midomoni, ndiyo, ila kunakili kunahitaji ushahidi zaidi ya kufanana.

Sasa nifike kwa dai linalonigusa zaidi, kwa sababu linawatukana wazee wetu waliokwisha kufa. Husemwa kwamba mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, ni Ashera, kwamba Ngai, Mungu wao aliyeombwa watu wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, alikuwa Baali, na kwamba kila mtu ambaye babu yake alisimama chini ya mti ule amebeba laana.

Ashera anajulikana. Huko Ugarit anaitwa Athirati, mke wa Eli na mama wa miungu. Katika Biblia jina lake mara ni la mungu mke, mara ni la nguzo ya mti iliyosimikwa kando ya madhabahu. Mwaka 1975 na 1976 Ze'ev Meshel alichimba kituo cha jangwani kiitwacho Kuntillet Ajrud, kaskazini-mashariki mwa Sinai, akakuta mitungi mikubwa ya karne ya nane KK yenye maandishi ya kuwabariki watu kwa Yehova wa Samaria na Ashera wake. Waisraeli wenyewe, basi, walimweka karibu na Mungu wao. Mfalme Yosia alipomtoa Ashera na kumchoma penye kijito cha Kidroni, alimtoa ndani ya hekalu la Yerusalemu. Hakumfuata kwenye misitu ya mataifa ya mbali.

Mti peke yake haukuwa dhambi. Ibrahimu alipanda mti Beer-sheba akaliitia hapo jina la Mungu, na aliwapokea wageni wake chini ya mialoni ya Mamre. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 juu ya Wagikuyu, anaeleza sala chini ya mugumo, nazo zinaelekezwa kwa Ngai mmoja asiye na sanamu. Huwezi kuchukua sala isiyo na sanamu ukaiita ibada ya sanamu kwa sababu tu ilifanyika kivulini.

Tena tazama jinsi Biblia ilivyowatendea miungu wawili wa Kanaani. Baali ilimkataa. Eli, mzee wa juu, ilimpokea jina lake: Melkizedeki, mfalme na kuhani wa mji wa Kanaani, alimbariki Ibrahimu kwa jina la Eli, Mungu Aliye Juu Sana, naye Ibrahimu akaapa kwa jina hilohilo na kumpa fungu la kumi. Jina la Eli limo ndani ya Israeli, Betheli, Samweli na Danieli. Na wafasiri wa Biblia ya Kigikuyu walifanyaje walipotafuta jina la Mungu? Waliandika Ngai, jina ambalo Wagikuyu wenyewe wanalitumia pamoja na Wamaasai na Wakamba. Mhubiri anayemlaani Ngai wa babu zake Jumamosi humwomba Ngai huyohuyo Jumapili akifungua Biblia ya mama yake. Ngai amekaa mahali pa Eli. Kumweka mahali pa Baali ni kosa la kusoma, na ni kosa la heshima pia.

Novemba 2020, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe kwa ajili ya barabara mpya uliachwa usimame kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Wapo walioamini kwamba nchi imehifadhi pepo. Kilichohifadhiwa ni mti mkongwe na kumbukumbu ya watu waliosali.

Dai la nne huwalenga Wakatoliki. Hudaiwa kwamba wanaposali kwa Maria kama Malkia wa Mbinguni wanamwabudu yule malkia wa mbinguni ambaye Yeremia alimkemea. Yule wa Yeremia alikuwa mungu mke ambaye wanawake wa Yuda walimwokea mikate na kummiminia vinywaji, wengine wakiwa wakimbizi Misri. Wasomi wengi humhusisha na Ishtari au Astarte, nyota ya asubuhi. Maria ni binti wa Nazareti. Wanachoshiriki ni cheo. Danieli anamwita Nebukadreza mfalme wa wafalme, na Ufunuo unamwita Yesu vivyo hivyo. Hakuna mtu Umoja anayesema Yesu ni Nebukadreza. Kama una hoja dhidi ya rozari, ilete kama ilivyo, usiivishe nguo za Yeremia.

Hili linanipeleka kwenye mihadhara, ile midahalo ya hadharani kati ya Wakristo na Waislamu, ambako husemwa kwamba Hubali, sanamu iliyoabudiwa Makka kabla ya Uislamu, ni Baali, na kwamba Allah ni Hubali. Jibu ni fupi. Fungua Surat As-Saffat, aya ya 123 hadi 126: Ilyasi, yaani Eliya, anawauliza watu wake kwa nini wanamwomba Baali na kumwacha Mbora wa waumbaji. Qurani imesimama upande wa Karmeli. Wakristo wa Lebanoni na Misri humwita Mungu Allah hadi leo. Kwamba jina Hubali limetokana na Baali ni wazo lililotolewa Ulaya karne kadhaa zilizopita, na halina maandishi ya kale ya kulithibitisha.

Kuhusu Moleki, ambaye Biblia humtaja pamoja na watoto waliotolewa motoni, watu huonyeshwa picha ya sanamu ya shaba yenye kichwa cha fahali na mikono iliyonyooshwa juu ya moto, au bundi mkubwa wa mawe. Bundi hamo kabisa katika habari za Moleki. Sanamu ya shaba iliyowashwa moto inatoka kwa waandishi wa Ugiriki na Rumi waliowaeleza watu wa Karthago, kisha kwa walimu wa Kiyahudi wa zama za kati, akiwemo Rashi wa Ufaransa wa karne ya 11. Mchoro unaosambaa leo una mizizi katika kitabu cha Athanasius Kircher cha 1652, na filamu ya Italia ya 1914, Cabiria, ikaupa mwili. Biblia haisemi Moleki alikuwa na umbo gani. Mwaka 1935 Otto Eissfeldt alisoma maandishi ya Karthago, koloni la Wafoinike, akapendekeza kwamba neno hilo lilikuwa aina ya sadaka wala si jina la mungu. Katika makaburi ya mji huo, yaliyogunduliwa 1921, kuna vyungu vyenye mifupa iliyochomwa ya watoto wachanga na ya wanakondoo, na wataalamu bado wanabishana kama watoto hao walitolewa sadaka au walikufa kwa maradhi.

Sitaki kupunguza uzito wa jambo lenyewe. Watu waliwapitisha watoto motoni katika bonde la Hinomu, na Biblia inawataja waziwazi: Ahazi na Manase, wafalme wa Yuda, wa ukoo wa Daudi. Yeremia alielekeza lawama ndani ya nyumba yake mwenyewe, nasi tufanye hivyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwa wengi. Hakukuwa na bundi pale, wala shaba, wala kichwa cha fahali. Kulikuwa na Biblia na mtu aliyeaminiwa. Anayewafundisha wazazi wa Eastlands kumtafuta Moleki kwenye nembo na sanamu za wazungu anawageuza macho mbali na mahali watoto wanapofia.

Yabaki madhabahu. Mtu huambiwa kwamba kijijini kwao kuna madhabahu ya Baali iliyofukiwa na shangazi au na mke wa ami, kwamba imefunga ukoo, na kwamba itavunjwa baada ya kutuma kiasi fulani kwa M-Pesa. Nimeona familia zikiacha kutembeleana kwa maneno kama hayo, na mjane akizuiwa kuzika mumewe kwa amani. Wanaofanya hivyo hujitetea kwa Gideoni. Basi msomeni Gideoni, Waamuzi sura ya sita. Madhabahu aliyoivunja ilikuwa ya Yoashi, baba yake mzazi, ikionekana na mji mzima. Hakuwahi kuoteshwa kwamba imefichwa kwa jirani, wala hakumtoza mtu. Na watu wa mji walipotaka kumuua, baba yake alimkingia kifua akisema kama Baali ni mungu, ajitetee mwenyewe.

Na msomeni Eliya pia wakati wa ukame. Bwana alimtuma Sarepta, mji wa Sidoni, nchi ya Ethbaali baba yake Yezebeli, kitovu chenyewe cha Baali. Akakaa kwa mjane wa huko, akala unga wake na mafuta yake, na mtoto wa mjane alipokufa alimlilia Mungu mpaka akafufuka. Mama huyo alipouliza kama dhambi yake ndiyo imemuua mwanawe, Eliya hakumjibu kwamba ndiyo. Hakupekua nyumba kutafuta madhabahu. Nabii mkali kuliko wote dhidi ya Baali aliishi katika nchi ya Baali kama mgeni mwenye shukrani. Sijasikia somo hilo likihubiriwa kwenye usiku wa kuvunja madhabahu.

Mwisho ni Yezebeli. Jina lake hutupiwa binti aliyepaka rangi ya midomo, mwanamke aliyemwacha mume anayempiga, dada aliyemkatalia mchungaji jambo. Ni kweli alipaka macho wanja, siku ya kufa kwake, na Biblia haimhukumu kwa hilo. Kosa lake linasimuliwa sura nzima. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu la urithi kando ya jumba la mfalme huko Yezreeli. Mfalme Ahabu, mumewe Yezebeli, alilitaka, Nabothi akakataa kuuza. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akaagiza wazee wa mji, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kuchukua ploti.

Mkazi wa Eastlands hahitaji mfasiri hapo. Umoja ilijengwa na halmashauri ya jiji miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, nyumba ndogo zenye nafasi zilizoachwa kwa ajili ya umma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini kote ilivyogawanywa kinyume cha sheria, kwa barua na mihuri. Barua, muhuri, wazee waliokubali, mashahidi wa uongo: hiyo ndiyo kazi ya Yezebeli kama ilivyoandikwa, na haihusu wanja.

Kwa hiyo, jirani yangu, mtu akija kukuambia kwamba Baali yumo kwenu na kwamba bintiyo ana roho ya Yezebeli, usitume pesa. Mfungulie Wafalme wa Kwanza sura ya 21, na umwombe aihubiri Jumapili hiyo, sura yote, tangu shamba la Nabothi hadi hukumu.